Kengele Iliyoandikwa Bila Kupigwa

Bwana Crispin Haddow alikuja asubuhi moja ya Aprili na futikamba na vijiti vinne, akaanza kupima ukingo wa barabara nje ya uzio wa Bi Hester Yelland. Bi Hester alikuwa jikoni, dirishani, anamenya viazi. Hakutoka. Kuna watu ukiwatokea wakati wanapima kitu, wanadhani umevutiwa.

Haddow alichomeka kijiti, akarudi nyuma hatua tatu, akakitazama, akakichomoa, akakisogeza upana wa kiganja, akarudi nyuma tena. Alivaa kizibao cheusi chenye vifungo vya shaba, kama vya wafanyakazi wa reli wa zamani, na kofia yenye ukingo unaong'aa. Miaka yake yote ya kazi alikuwa ofisi ya bima huko Slough, akikadiria magari yaliyopondeka. Reli ya Nymet ilipofungwa mwaka 1964 yeye alikuwa mvulana wa miaka kumi na sita, na alikuwa hajaipanda hata mara moja. Sasa ndiye mwanahistoria wake.

Sisi wa Nymet watu wa namna hiyo tunawaita Makofia. Walianza kuja miaka ishirini iliyopita, mmoja mmoja, kutoka mijini, wakiwa na pensheni nzuri na magoti mabovu. Walifyeka miiba, wakatandika upya maili tatu na kidogo za reli ambayo zamani ilikuwa maili tisa kwenda Bradleigh, wakanunua kichwa kimoja cha treni ya mvuke kilichokuwa kinaota kutu kwenye uwanja wa vyuma chakavu, wakakipa jina la mwanamke. Reli yenyewe, ilipokuwa hai, ilibeba maziwa, ndama, watoto wa shule na watu wa soko la Alhamisi. Hakuna aliyeipenda. Ilikuwa inachelewa, na majira ya baridi ilikuwa na baridi kuliko nje. Lakini uwaambie hivyo Makofia, watakutazama kama umetukana mama zao.

Kwa mfano mmoja tu, mageti ya kivuko cha Pound. Hapo ndipo barabara ya kijiji inapoikata reli, na hapo ndipo nyumba ya Bi Hester ilipo, nyumba ya mtunza geti, matofali mekundu, vyumba vinne. Makofia walipotengeneza mageti mapya walikaa miaka mitatu wakibishana rangi. Kundi moja likasema ilikuwa rangi ya krimu, jingine likasema krimu iliyokoza. Marafiki wa miaka kumi waliacha kusalimiana. Mmoja alijiuzulu akahamia reli nyingine kule Wales, na barua yake ya kujiuzulu ilikuwa kurasa sita. Mwishowe walimjia Bi Hester, wakamwomba wakwangue mlango wa banda lake la kuku, uliotengenezwa kwa ubao wa geti la zamani.

"Ilikuwa nyeupe," Bi Hester aliwaambia. "Nyeupe iliyochafuka. Baba yangu ndiye aliyekuwa anapaka."

Waliandika "baba yake ndiye aliyekuwa anapaka," wakakwangua, wakapeleka maabara.

Basi Haddow alipomaliza kupima alibisha mlango, akavua kofia, akaingia jikoni na karatasi mkononi. Alisema chama kinaweka kibao cha historia pale nje, cha chuma, chenye maandishi na picha, kwa ajili ya sherehe ya Julai ya miaka hamsini tangu reli ifungwe. Watakuja watu elfu mbili. Alikuwa amekuja kumwonyesha maneno, kwa heshima tu, kwa kuwa ni jirani.

Bi Hester alifuta mikono, akavaa miwani.

Karatasi ilisema hivi: Kivuko cha Pound. Hapa, Alhamisi tarehe 9 Julai 1953, treni ya saa kumi na dakika tisa kutoka Nymet iligonga mageti na kuyavunja, kwa kuwa mtunza geti, R. Madge, alilala usingizi akiwa kazini.

Alisoma mara mbili. Reuben Madge alikuwa baba yake.

"Nani kakwambia alilala?"

"Ripoti ya uchunguzi, Bi Yelland. Na daftari la stesheni. Daftari tunalo, liko kwenye kabati la kioo. Stesheni masta, Bwana Lillicrap, aliandika kwa wino: kengele imepigwa saa kumi na dakika tisa. Kengele ikipigwa Nymet, inalia hapa. Mtunza geti anakuwa na dakika saba za kuyafungua mageti ili treni ipite. Hakufungua. Ndiyo maana wachunguzi…"

"Kaa chini."

"Nina haraka kidogo."

"Kaa hapo, kwenye kiti hicho."

Haddow akakaa. Bi Hester akanyoosha kisu cha viazi, akamwonyesha ukutani juu ya kichwa chake. Palikuwa na matundu manne ya skrubu, yamepakwa rangi juu lakini bado yanaonekana.

"Kengele ilikuwa hapo. Na mimi nilikuwa hapo ulipokaa, shuka shingoni, baba ananikata nywele. Alikuwa amemaliza upande wa kushoto. Alhamisi treni ilikuwa inachelewa daima, kwa sababu ya kupakia ndama, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi, alikuwa anasubiri kengele. Kengele haikulia. Kilicholia ni vijiko kwenye sahani, treni ilipofika kona ya Elm. Baba alitoka mbio mkasi mkononi. Alifika kwenye geti la kwanza. Angepata nusu dakika zaidi angelifungua."

Haddow alikuwa na kalamu mfukoni, lakini hakuitoa.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Aa," alisema Haddow.

Hiyo "aa" ndiyo Bi Hester aliyokaa nayo wiki nzima. Alikuwa anafua nayo, anapika nayo. Ilikuwa "aa" ya mtu wa bima anayesikia kwamba gari lilikuwa limeegeshwa tu.

"Na kengele haikulia kwa sababu Lillicrap alikuwa kwenye maua yake," Bi Hester aliendelea. "Ilikuwa siku ya majaji wa mashindano ya bustani za stesheni. Alikuwa anafunga yale maua ya njegere kwenye fito, na Jim Tapp, mpagazi, amemshikia kamba. Treni ikaondoka, Lillicrap akaipungia bendera bila kugeuka. Kengele hakugusa. Daftari alikuwa amelijaza tangu asubuhi kwa saa za ratiba, kama alivyokuwa anafanya kila siku, ili mkono usije ukachafuka wino mbele ya majaji. Jim Tapp alituambia mwenyewe siku tuliyomzika baba. Alilia kama mtoto."

"Bwana Tapp aliandika popote?"

"Jim? Jim alikuwa hajui kuandika zaidi ya jina lake."

"Basi, Bi Yelland, nakuelewa kabisa, ila hayo ni masimulizi. Sisi chama tunakwenda na ushahidi." Alisimama, akaweka kofia yake kichwani kwa mikono miwili, kama mtu anayefunika chungu. "Na Bwana Lillicrap, unajua, ni mtu mkubwa sana katika historia yetu. Kikombe chake kiko kwenye mgahawa."

Kikombe kipo kweli. Kikombe cha fedha, Bustani Bora ya Stesheni 1953, nafasi ya kwanza. Ukiingia mgahawa wa stesheni ya Nymet utakikuta juu ya keki, na picha ya Ambrose Lillicrap kando yake, masharubu yamechanwa. Hakuna picha ya Reuben Madge. Baada ya uchunguzi, Reuben aliondolewa getini, na kwa kuwa nyumba ilikwenda na kazi, aliondolewa nyumbani pia. Walihamia vyumba viwili nyuma ya kanisa dogo, yeye, mkewe na Hester. Alipewa kazi ya kusafisha taa stesheni ya Bradleigh. Kila siku alipita kwenye kivuko chake akiwa ndani ya behewa, na watu wanasema alikuwa anatazama upande wa pili. Alikufa mwaka 1961. Hester, yeye, alikwenda shule juma lile akiwa na nywele za upande mmoja, kwa sababu mama yake hakuwa na moyo wa kushika mkasi ule. Watoto wa Nymet walimwita Nusugeti mpaka alipoolewa.

Aliolewa na Clem Yelland, dereva wa lori la maziwa. Alipika shule ya kijiji miaka thelathini na mmoja. Reli ilipofungwa, nyumba za mageti ziliuzwa, na yeye na Clem wakainunua ile ya Pound kabla rangi ya tangazo haijakauka. Clem alitaka nyumba yenye bafu. Hester alitaka hii. Clem sasa ni marehemu, na Makofia hawajamsamehe, maana kwenye vitabu vyao malori ya maziwa ndiyo yaliyoiua reli. Mmoja aliwahi kumwambia Bi Hester usoni, akicheka, kwamba mumewe alikuwa mwuaji. "Alikuwa anafika kwa wakati tu, kipenzi," Bi Hester alimjibu.

Sasa watu elfu mbili wangesimama nje ya dirisha lake la jikoni wasome kwamba baba yake alilala. Si siku moja tu. Kibao ni cha chuma.

Aliandika barua kwa chama. Akaandika ya pili. Jibu lilikuja na saini ya mwenyekiti, Bwana Gerald Beddoes, aliyewahi kuwa mkuu wa shule, na ambaye siku za treni huvaa koti refu na kuwa stesheni masta. Alimshukuru kwa "kumbukumbu tamu za utotoni" na kumwambia kwamba zingeweza kutumika kwenye jarida la chama, ukurasa wa watoto. Aliambatanisha tiketi moja ya bure ya daraja la tatu.

Bi Hester aliipeleka tiketi ile kwenye banda, akawatandikia kuku.

Kibao kikaja wiki moja kabla ya sherehe. Wanaume watano walikisimika, wanne wakishauri. Walikifunika kwa bendera ili kifunuliwe siku yenyewe jioni, baada ya treni ya saa kumi na dakika tisa. Maana walikuwa wamepanga kila kitu kiwe kama zamani: treni ileile, saa ileile, kengele ileile ya Nymet iliyotengenezwa upya, safari hii ikilia kwenye kibanda walichojenga kando ya reli, kwa sababu Bi Hester aliwakataza wasiguse ukuta wa jikoni mwake. Beddoes angekuwa Lillicrap. Haddow angekuwa mtunza geti. Hata bustani za stesheni wakazifufua, na jaji akaalikwa, mke wa askofu.

Jumamosi ile ilikuwa na jua. Tangu asubuhi treni zilichelewa, ya kwanza dakika ishirini, zilizofuata zaidi, kwa kuwa kila mtu alitaka kupiga picha na dereva. Dereva alikuwa Daktari Plaistow, aliyewahi kung'oa meno ya nusu ya Exeter, na alikuwa anapenda sana kupigwa picha. Watu walijaa barabarani pande zote za kivuko na mikate yao ya nyama, na polisi mmoja wa kike akawa anawarudisha nyuma ya kamba.

Haddow alikaa mbele ya kibanda chake kwenye kigoda, kizibao kimefungwa vifungo vyote kwenye joto lile, kitabu cha kanuni magotini. Hatua kumi na tano kutoka hapo, upande wa pili wa uzio, Bi Hester alikuwa anachuma njegere za kula.

Saa kumi ikapita. Na dakika tisa zikapita. Kengele kimya. Haddow alitazama saa yake, akatazama kengele, akatulia. Treni zilichelewa siku nzima, kwa nini hii iwahi?

Bi Hester aliisikia kwanza kwenye miguu. Aliyezaliwa nyumba ile hahitaji masikio. Aliinua kichwa kutoka kwenye njegere.

"Bwana Haddow. Treni hiyo inakuja."

Haddow aliinua kiganja, kwa upole, kama mwalimu anayemzuia mtoto kuvuka.

"Kengele haijalia, Bi Yelland."

"Nakwambia iko kona ya Elm."

"Kanuni ya hamsini na moja." Aligonga kitabu kwa kidole. "Mtunza geti hatafungua mpaka kengele ilie."

"Basi isomee treni," alisema Bi Hester, akaweka bakuli chini.

Kisha kichwa cha treni kikatokeza konani, cheusi, kinang'aa, kimefungwa mashada ya maua. Haddow aliinuka, na hapo ndipo alipofanya jambo ambalo Bi Hester hakulisahau: alitazama tena kengele. Daktari Plaistow alikaza breki, magurudumu yakalia kama nguruwe, lakini treni si gari. Haddow alirukia kwenye kichaka cha kiwavi, yale majani yanayowasha, kando ya kibanda. Treni ikayapitia mageti, yale yaliyopakwa krimu isiyokoza sana baada ya miaka mitatu na maabara, ikayageuza kuni, ikasimama behewa moja mbele.

Hakuna aliyeumia. Daktari Plaistow alipoteza kofia. Abiria walidhani ni sehemu ya maonyesho, wakapiga makofi. Makofi yaliendelea muda mrefu. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba safari hii wamefanya kitu cha kweli.

Nymet, stesheni, Beddoes alikuwa amesimama kando ya maua yake ya njegere, anapigwa picha na mke wa askofu na kikombe kipya. Treni ilipoondoka aliipungia bendera bila kugeuka, maana mpiga picha alikuwa amemwambia asisogee. Na kwenye meza yake daftari lilikuwa wazi, maandishi mazuri ya wino, ya mkono uliofundishwa. Alikuwa amelijaza siku nzima tangu saa tatu asubuhi, ili lipendeze kwenye picha. Kengele imepigwa, saa kumi na dakika tisa.

Jumatatu wakaja wakaguzi wa serikali, wawili, na viatu vya kawaida. Walipima, wakasoma daftari, wakamwuliza Beddoes.

"Nakumbuka kama nimepiga," alisema Beddoes. "Imeandikwa. Nisingeandika kama sikupiga."

Na pia kulikuwa na picha. Mgeni mmoja alikuwa amempiga Haddow picha saa tisa, wakati wa mapumziko, kwenye kigoda, kofia imefunika uso, mdomo wazi. Picha ilikuwa imezunguka kwenye simu za kijiji kizima kabla ya wakaguzi kufika, na watu walicheka kweli. Mkaguzi mmoja akaiomba.

Jumanne Haddow akabisha mlango wa Bi Hester. Alikuja bila kofia, bila kizibao, amevaa sweta la kijivu, na kwa mara ya kwanza Bi Hester aliona kwamba ni mzee kidogo, mwenye madoa mekundu ya majani ya kiwavi mpaka masikioni.

"Karibu," alisema. "Kaa kiti kile."

Akamwekea chai, skonzi, krimu na jemu. Hakuwa mtu wa kumnyima mgeni chakula, hata mgeni huyu. Haddow alipaka jemu kwanza, krimu juu yake.

"Huku krimu inatangulia," alisema Bi Hester.

"Samahani."

"Miaka kumi uko huku, mtaalamu wa historia."

Haddow akaiweka chini skonzi bila kuila.

"Bi Yelland, wataniandika kwamba nililala. Itakuwa kwenye ripoti. Ripoti za ajali za reli hazifutwi, zinawekwa kwenye kumbukumbu, mtu yeyote anaweza kuja baada ya miaka sitini akasoma. Sitaruhusiwa tena kukanyaga reli yoyote, hata kuuza tiketi. Wewe peke yako ndiye ulikuwa karibu. Uliniona. Sikulala. Tulizungumza."

"Daftari linasemaje?"

Haddow alikisogeza kikombe chake.

"Nakuuliza. Daftari linasemaje?"

"Linasema saa kumi na dakika tisa."

"Kwa wino?"

"Kwa wino."

"Basi ilipigwa."

"Haikupigwa. Haikulia. Nilikuwa nimekaa pale naitazama."

"Nani anasema?"

"Mimi nasema."

"Una miaka mingapi, Bwana Haddow?"

"Sitini na sita."

"Aa," alisema Bi Hester.

Alimmiminia chai zaidi, polepole, ijapokuwa kikombe kilikuwa nusu. Haddow alitazama mikono yake. Kisha, sijui ni kwa nini, labda kwa kuwa alihisi kitu kisogoni, aligeuka akatazama ukuta juu ya kichwa chake, yale matundu manne.

"Alikuwa amekata upande gani?" aliuliza.

"Wa kushoto. Nilikwambia."

"Ndiyo. Uliniambia."

Bi Hester alitoa karatasi kwenye droo. Alikuwa ameiandika tangu Jumapili, kwa kalamu ya wino, maana kumbe watu hawa wanaheshimu wino. Aliisoma kwa sauti. Mimi, Hester Yelland, aliyezaliwa Madge, nathibitisha kwamba siku ya Jumamosi tarehe 12 Julai 2014, na siku ya Alhamisi tarehe 9 Julai 1953, nilikuwepo kivuko cha Pound wakati treni ilipovunja mageti, na kwamba siku zote mbili mtunza geti alikuwa macho na kengele haikulia.

"Ni sentensi moja," alisema. "Nimekaa nayo siku mbili, haikatiki. Ukitaka nusu yake, itakubidi uchukue na nusu nyingine."

"Ya kwanza ndiyo wakaguzi wanayohitaji."

"Wakaguzi ndiyo. Mimi nahitaji kibao."

"Kamati haitakubali. Lillicrap…"

"Basi kunywa chai yako, nikarudishe karatasi kwenye droo."

Haddow hakunywa. Aliomba kalamu, akaandika chini ya maneno yake: Nimepokea na ninaamini yote. C. Haddow, mwanahistoria wa chama. Neno yote aliliandika polepole. Bi Hester alisubiri wino ukauke kabla ya kumpa.

Wakaguzi walimwita tena Beddoes, wakamwuliza swali moja tu, aliandika saa ngapi. Mkuu wa shule alikuwa amewauliza watoto swali la namna hiyo kwa miaka thelathini, na alijua hana pa kukimbilia; akakiri kwamba alilijaza daftari tangu asubuhi. Kwa hiyo Haddow alibaki na kofia yake.

Kamati, hiyo, ilichukua miezi mitano. Kulikuwa na mikutano minne, mtu mmoja alitoka nje kwa hasira akasahau koti. Walisema masharubu ya Lillicrap yanauza vikombe vya kumbukumbu. Walisema mambo ya zamani yaachwe, watu ambao hawakuwa na kazi nyingine duniani zaidi ya kutoyaacha mambo ya zamani. Haddow alisimama kila mkutano na karatasi ile mkononi, mpaka wakachoka naye. Kibao kipya kiliwekwa Desemba mahali pa kile cha kwanza, kwenye mvua, bila bendera wala mke wa askofu. Kinasema kwamba tarehe 9 Julai 1953 treni iligonga mageti kwa kuwa kengele haikupigwa kutoka Nymet, na kwamba mtunza geti Reuben Madge, aliyekuwa macho, alikimbia kuyafungua lakini hakupata muda. Hakisemi nani hakupiga. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, kinaongeza kwamba kikombe cha Bustani Bora ya Stesheni cha mwaka huohuo kinaonekana mgahawani, karibuni.

Bi Hester alitoka na mwavuli kukisoma. Alirudia ule mstari wa kikombe, akasonya.

Mageti mapya hayajapakwa. Wameunda kamati ndogo ya rangi.

Majira ya kuchipua yaliyofuata Bi Hester alikuwa amesimama pale nje kando ya kibao, mkono juu ya uzio, akitazama njegere kama zimeota, mwanamume mmoja akaja na kamera mbili shingoni.

"Samahani, bibi. Ungesogea kidogo. Unaziba kibao."

"Umekisoma?"

"Nitakisoma nyumbani, kwenye picha."

"Kisome sasa."

Yule mtu alikisoma haraka haraka, midomo ikicheza.

"Vizuri sana," alisema. "Na unajua mageti haya yalikuwa rangi gani?"

Bi Hester alimtazama toka kofia mpaka viatu.

"Nyeupe," alisema. "Iliyochafuka. Alikuwa anapaka baba yangu, huyo uliyemsoma sasa hivi."

"Mimi nilisikia krimu."

Bi Hester hakusogea. Mtu yule alizunguka kushoto, akazunguka kulia, akachuchumaa, mwishowe akapiga picha hivyohivyo, kibao na bibi kizee mwenye aproni kando yake, anatazama moja kwa moja kwenye kamera.